Bei Kivuli

Muhula wa tano, somo la utafiti wa utendaji,
Dakta Shekiondo aliandika ubaoni neno moja, LENGO,
akalipigia mistari miwili, chaki ikakatika.
"Kwanza niambie unataka nini.
Kisha niambie nini kinakuzuia.
Yaliyobaki ni jasho la penseli."

Pembeni ya daftari nikaandika, herufi ndogo:
nataka kufaulu. Ada inanizuia.

Kazi ya muhula: tafuta biashara iliyo hai, uipangie.
Wenzangu wakakimbilia bandarini, wengine Pongwe kwenye saruji.
Mie nikashuka Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa shangazi Mwanakombo mwenye tanuri mbili:
ya matofali, ya boflo,
na ya udongo, ya mofa, aliyoirithi ikiwa na ufa tayari.

Siku tisa nilikalia gunia tupu la unga,
saa ya simu mkononi.
Nikapima kukanda, nikapima kuumuka,
nikahesabu kuni kijiti kwa kijiti.
Hata baiskeli ya Hoza niliipima, kreti mbili nyuma,
mlangoni hadi Makorora, Mabawa, na kurudi,
akisimama mara saba kujuliana hali na watu.
Nikaandika: salamu, dakika kumi na moja. Upotevu.

Usiku bwenini umeme ukakatika.
Nikaendelea kwa tochi, jedwali baada ya jedwali,
safu ikiingia, safu ikitoka,
kama wageni wa arusi wanaopeana zamu ya sinia,
mpaka mstari wa chini haukubaki na namba hasi.
Jibu likatoka, limenyooka, halina hata kombo:
boflo mia sita na ishirini.
Mofa sifuri.

Nililibeba jibu hilo asubuhi kama mtu aliyebeba yai.

Shangazi alikuwa anabandika mofa,
mkono umezama tanurini hadi kiwiko.
"Sifuri ndo nini?"
"Usipike tena, shangazi. Dakika zake zipe boflo.
Faida itapanda."
Hakukasirika. Alibandua moja, akaipuliza majivu.
"Na Mzee Semboja, mwenye sukari, atakula nini?
Na walinzi wa godauni la mkonge,
wanaotafuna mofa moja toka isha hadi alfajiri?
Hao umewaandika wapi?"

Nikatazama karatasi.
Palikuwa na eksi moja na eksi mbili.
Semboja hakuwamo.

Nikarudi bwenini, nikaongeza mstari:
mofa zisipungue arobaini.
Nikakokotoa upya toka mwanzo, nikifuta hadi karatasi ikatoboka,
na mwishoni, pale pembeni ambapo wanafunzi hawasomi,
ikakaa bei kivuli ya mstari ule, shilingi sabini na tano.
Bei hiyo huikuti sokoni, haina risiti.
Ni kile unachokosa kwa kila mofa unayong'ang'ania kuipika.

Nikamweleza. Akasikiliza huku akikuna masizi kuchani.
"Sabini na tano mara arobaini, elfu tatu kwa siku,"
alisema, mimi bado natafuta kikokotozi.
Kisha akacheka, cheko la tumboni.
"Elfu tatu tu? Miaka yote hii
nilidhani nawahurumia kwa ghali!"

Dakta alirudisha kazi yangu, kumi na nne kwa ishirini.
Wino mwekundu ulizunguka ule mstari:
*Kizuizi hiki kimetoka wapi?*
Nikaandika chini yake jina la Semboja,
na umri wake, na mtaa.
Hajanijibu. Muhula umekwisha.

Hoza naye bado anasimama mara saba.
Dakika zake kumi na moja nimezifuta kwenye upotevu
lakini sijazipatia safu.
Zipo tu juu ya ukurasa, penseli hafifu,
na kila nikifungua daftari
mkono wangu unakwenda pale, unasita.